Kabla ya Kuvua Viatu

Likasi, tarehe 5 Machi 2024

Mjomba wangu Anastase,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshajibu «milele amina» na miwani bado hujaipata. Itafute vizuri, barua ya leo ni ndefu.

Huku tuko wazima. Masomo pale ninapofundisha inaendelea. Watoto wa darasa la sita wananiita Madamu Filimbi, na nimeacha kukasirika kwa sababu jina lenyewe si baya. Mama yangu anaendeleaje na mguu? Mwambie nimemtumia kitambaa kwa mkono wa Alliance, yule mama wa Mulongwe anayefanya biashara mpaka huku. Ndiye amekuletea na barua hii. Na Mama Louise bado anakugombeza juu ya njia yako ya kwenda misa? Hata mvua inyeshe namna gani, lazima uzunguke upande wa ziwa, na njia ya mkato ya Kasenga iko pale inakuangalia. Tangu utoto wangu ile njia yako inanichosha.

Sasa neno lenyewe. Jumapili nilichezesha AS Radi na Jeunesse ya Bukama. Radi unawajua: mabasi mawili, wachezaji wa kununua, na viongozi wanaokaa katika kila kamati inayoamua jambo katika ligi yetu. Bukama walifika juu ya lori la mahindi. Kabla ya mechi mtu mmoja aliniambia polepole, kama mtu anayenitakia mema, kwamba jina langu liko kwenye orodha ya wale wanaopendekezwa kwa beji ya kimataifa. Halafu akanitakia mechi njema. Sikumwuliza kwa nini mambo mawili hayo yanatembea pamoja.

Bukama walifunga dakika ya sabini. Dakika ya tisini na nne, mshambuliaji wa Radi akaanguka ndani ya boksi. Mjomba, hakuna aliyemgusa. Gadien wa Bukama, yule mlinda goli Evariste, alikuwa mbali naye mita nzima, mikono juu. Nilimpa yule muongo kadi ya manjano. Hapo mashabiki wa Radi wakaingia uwanjani, na jiwe likampata Evariste juu ya jicho. Damu ilitoka nyingi. Nikasimamisha mechi.

Nilifanya vile ulinifundisha. Nilikaa juu ya kreti ya soda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, viatu mguuni, matope mpaka magotini, nikaandika raporo na karatasi ya kaboni chini yake. Niliwaita makapiteni wawili, wakaisoma, wakatia sahihi. Kisha ndipo nilivua viatu. Raporo yenyewe nilimpa komiseri wa mechi, Cyprien. Kopi ya kaboni nilibaki nayo.

Jana Cyprien amenipigia. Anasema raporo ililowa mvua, haisomeki, niandike ingine, «iliyo nzuri zaidi». Mjomba, Jumapili mvua haikunyesha.

Kopi ndiyo hii, imo ndani ya bahasha. Nitunzie, kwa sababu ufunguo wa chumba changu hapa hauko kwangu peke yangu. Simu siitaki kwa mambo haya. Yako ilikufa majini, na hapa kila mtu anarekodi mwenzake.

Swali moja, na nimelibeba tangu jana. Katika miaka yako yote ya filimbi, kuna siku walikuomba uandike raporo upya? Ulifanya nini?

Mwipwa wako,
Noella


Uvira, tarehe 2 Aprili 2024

Kwa mwipwa wangu Noella,

Milele amina, na miwani iliisha kupatikana, ilikuwa juu ya kichwa. Pasaka tuliila vizuri: bugali, sombe, na ndagala ambazo Louise alizificha kwa wageni. Mguu wa mama yako unaendelea vizuri. Kitambaa amekipenda, anakivaa mpaka anapoenda kuchota maji. Huko Kiringye mihogo imekubali mwaka huu, asante Mungu.

Lakini ziwa, mwanangu! Ziwa limepanda. Limeingia mitaani, limeingia nyumbani, limekula jikoni ya Louise yote na ukuta wake. Samaki wadogo wanaogelea pale tulikuwa tunawasha moto. Louise anasema angalau sasa hatuendi kuwanunua. Tumesogeza vitu kwenye chumba cha juu, na hata godoro liko juu ya meza.

Karatasi yako imefika. Niliisoma mara tatu. Mwandiko ni mzuri, dakika zimeandikwa, sahihi mbili ziko. Nimeiweka ndani ya koli langu, lile sanduku la bati, pamoja na kopi zangu zote. Maji hayafiki pale. Ulifanya kazi ya arbitri, ya refa wa kweli, na nilitembea siku mbili kifua mbele. Nilimwambia hata padri.

Juu ya swali lako. Arbitri anaombwa mambo mengi katika maisha. Minye nilichezesha mechi mia tatu na kumi na mbili, utakumbuka zote? Wewe ulikuwa unabeba begi langu, uliona mwenyewe. Tutaongea siku utakapokuja.

Kula vizuri. Likasi kuna baridi mwezi wa sita, nunua sweta mapema.

Mjomba wako,
Anastase


Likasi, tarehe 21 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Salamu kwako na kwa Mama Louise. Habari ya jikoni imenihuzunisha, nimekumbuka lile jiwe lake la kusagia na nikajiuliza kama nalo limezama. Mimi niko mzima, na sweta nimenunua, la kijani, ili usiseme sisikii.

Hukunijibu. Najua unapokwepa, mjomba. Unaanza kuhesabu mechi. Lakini leo sina wakati wa kukufuata.

Wameniita ofisini. Raporo mpya iko tayari, imepigwa kwa mashine, safi kabisa, inakosa sahihi yangu tu. Ndani yake Evariste ndiye alimpiga ngumi mshambuliaji wa Radi. Bukama ndio walikataa kuendelea na mchezo. Mashabiki hawakuingia, jiwe halipo, damu haipo. Nikitia sahihi, Bukama wanapoteza mechi na wanashuka daraja, na Evariste anafungiwa miaka miwili. Ana miaka thelathini na tatu na watoto wanne, kwa hiyo miaka miwili ndiyo mwisho wake. Nisipotia sahihi, jina langu linatoka kwenye orodha ya beji. Hawakulisema hivyo. Walisema, «Madamu, beji inahitaji mtu anayejua kushirikiana.»

Niliwaambia nina mikono miwili na yote miwili inashika filimbi, kalamu yao wapelekee mtu mwingine. Nikatoka.

Kamati itakaa tarehe 22 Juni. Raporo ya kweli wanasema haipo tena. Imebaki kopi yako tu, mjomba, ile ya kwenye koli. Nirudishie haraka, kwa mkono wa Alliance, si kwa mtu mwingine.

Na jambo lingine. Kuna mshauri mpya wa Radi, anaitwa Déogratias, anasema ni mtu wa Uvira na anakujua sana. Amesafiri kwenda huko tangu juzi. Amefika kwako?

Noella


Uvira, tarehe 12 Mei 2024

Mpendwa Noella,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi sote tu wazima wa afya.

Nimefikiri sana juu ya jambo lako. Wewe bado kijana na maisha yako yako mbele. Beji ya kimataifa si kitu cha kuchezea. Katika jimbo letu hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kuipata. Wakubwa wana njia zao, nao walikuwepo kabla yetu na watakuwepo baada yetu. Bukama watapanda daraja tena mwaka mwingine. Yule gadien atapata kazi nyingine.

Tia sahihi, mwanangu. Hakuna atakayekumbuka.

Jikoni imeanza kujengwa upya, mahali pasipo na maji. Mama Louise anafurahi.

Anastase


Likasi, tarehe 26 Mei 2024

Mjomba,

Barua yako imefika. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini nikaisoma tena, nikitafuta ni wapi uliandika wewe.

Tangu nilipotoka Uvira unaniandikia juu ya karatasi za miraba za kanye yako, lile daftari la raporo, umezichana bila kunyoosha. Hii imekuja juu ya karatasi nyeupe, nene, ya ofisi. Hukuniuliza kama nimekula. Hukusema neno juu ya kopi yangu. Na nilikuuliza kama Déogratias amefika, ukaniambia jikoni inajengwa. Nani anajenga jikoni yako, mjomba? Kwa simenti ya nani?

Nilikuwa na miaka kumi nilipoanza kubeba begi lako. Watoto wengine walikuwa wanacheka, msichana na begi la arbitri. Uliniambia niwaache wacheke, filimbi ni ndogo lakini inasimamisha watu ishirini na wawili. Nilikuamini. Nimekimbia mazoezi saa kumi na moja asubuhi miaka tisa juu ya neno lile. Na leo wewe ndiye unaniambia hakuna atakayekumbuka. Mimi nitakumbuka. Evariste, kila anapojitazama kwenye kioo na kile kidonda juu ya jicho, atakumbuka.

Sitatia sahihi. Nasema mara moja, na sitairudia kwa mtu yeyote. Kama hutaki kunirudishia kopi, nitaingia mbele ya kamati mikono mitupu. Najua wanavyosema, mkono mtupu haulambwi. Sawa, wasiulambe. Utakuwa safi.

Sina hasira na mama, msalimie.

Noella


Uvira, tarehe 9 Juni 2024

Noella, mwipwa wangu,

Ni minye, juu ya kanye yangu, angalia miraba. Leo sina salamu nyingi. Mama yako ni mzima, mguu umepona. Louise hanisemeshi, na sababu utaiona mbele.

Déogratias alifika. Alikuja mwisho wa mwezi wa ine, Aprili, na bati ishirini na simenti juu ya lori. Alisema ametusikitikia juu ya maji. Aliketi, akakunywa chai, akaangalia ukuta ulioanguka. Jina lako hakulitaja. Aliniuliza neno moja tu: «Tate Anastase, unakumbuka ile samaki tulikula kwangu?» Halafu akaaga. Juma lililofuata alirudi na karatasi nyeupe na kalamu, akasema mwipwa wangu anahitaji shauri la mtu mzima. Niliandika na yeye amekaa pale. Sikuogopa kwa ajili ya beji yako. Niliogopa kwa ajili ya jina langu. Hiyo ndiyo kweli, na mkono unauma kuiandika.

Sasa nakujibu swali lako la mwezi wa tatu.

Mwaka 2007, fainali ya mji. Bandari, ekipe ya Déogratias, na Etincelle ya Kasenga. Bandari walikuwa na kila kitu, na uwanja wenyewe ulikuwa kama mali yao. Kapiteni wa Etincelle alikuwa Basile, ule muchomaji wa milango ya chuma wa Kasenga. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja na mguu wa kushoto ambao sijauona tena hapa kwetu. Alifunga goli safi dakika ya themanini na nane. Watu wa Bandari wakaingia, ngumi zikaanza. Basile alikuwa anatenganisha watu. Minye niliona kwa macho yangu haya mawili, nilikuwa hatua tatu tu.

Nilikaa chini nikaandika vile nilivyoona, na kaboni chini yake, jasho bado linatoka. Ilibaki kuita makapiteni watie sahihi. Hapo Déogratias akafika na gari. Akaniambia, «Arbitri, vua viatu kwanza, pumzika. Mama amepika mukebuka. Raporo haitakimbia.» Nilivua viatu, mwanangu. Nilioga kwake, nikavaa ndala zake, nikala samaki yake, na ilikuwa tamu. Nilipomaliza kunawa mikono, karatasi mpya ilikuwa juu ya meza. Mtu aliyekula kwako anaona haya kukukatalia. Niliandika kwamba goli lilikuwa la mkono, na kwamba Basile alinipiga kofi.

Walimfungia miaka miwili. Mwezi uliofuata alikuwa aende Lubumbashi, kuna ekipe kubwa ilimwita kwa majaribio. Hakwenda. Sikuwahi kumwambia neno. Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, miaka kumi na saba nazunguka upande wa ziwa kwenda misa ili nisipite mbele ya atelie yake, pale anapochomea milango. Nawe ulikuwa unachoka nyuma yangu, mtoto wa watu, hujui kitu.

Ulikuwa unafikiri ile sheria ya viatu nilifundishwa na walimu wa arbitri. Hapana. Nilifundishwa na ile samaki. Nilikufundisha wewe kwa sababu minye nilishindwa, na nilitaka kuwe na mtu mmoja katika jamaa hii ambaye hatashindwa.

Barua yako ya hasira ilifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilichukua ngazi, nikapanda juu ya jikoni, nikang'oa bati moja moja. Louise alisimama chini akiuliza kama nimeshikwa na malaria ya kichwa. Simenti ilikuwa imeisha kutumika mifuko mitatu, nayo nitamlipa kwa mihogo ya Kiringye, apende asipende. Mengine yote nilipakia juu ya mkokoteni, nikampelekea mpaka Kalundu alipofikia, mchana kweupe, watu wanaangalia. Aliniambia atasema kila kitu. Nilimjibu aseme kwa sauti, maana minye nasikia vibaya upande wa kushoto. Sasa Louise anapikia juani.

Kopi yako ndiyo hii. Alliance ameifunga kwa nailoni katikati ya bunda la vitambaa, boti yake inatoka Kalundu Jumanne. Yangu ya 2007 nabaki nayo. Ina kazi.

Usitie sahihi. Umekula leo?

Mjomba wako,
Anastase


Likasi, tarehe 24 Juni 2024

Mjomba,

Nimekula, asante. Mchele na maharagi.

Alliance alifika Ijumaa jioni, kesho yake ndiyo kamati. Boti ilikaa Kalemie siku nne kwa ajili ya upepo, halafu gari likaharibika njiani mara mbili. Mama wa watu alikuja kwangu moja kwa moja, hata kuoga hajaoga, akafungua bunda mbele yangu. Nilimkumbatia mpaka akaniambia nimwachie, anaumwa mgongo.

Jumamosi niliingia na sweta langu la kijani. Walikuwa wanaume watano nyuma ya meza, Cyprien pembeni. Waliweka mbele yangu ile raporo ya mashine na kalamu juu yake. Niliisukuma kalamu, nikaweka kopi yetu. Wakaigeuza geuza. Matope yako pale, alama ya kidole changu iko pale. Mwenyekiti akasema kaboni si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuandika anachotaka nyumbani kwake. Nikamwambia aangalie chini, kwenye sahihi mbili. Moja ni ya kapiteni wa Bukama. Ya pili ni ya Merdi, kapiteni wa Radi.

Mwenyekiti akaivuta karatasi karibu na macho.

Merdi alikuwa kwenye korido. Radi wenyewe ndio walimleta, aje amshitaki Evariste. Ikabidi wamwite. Alishika karatasi muda mrefu, na kiongozi wake alikohoa mara mbili nyuma yake. Sikumlaumu, maana anakula mkate wa Radi na ana familia. Halafu akairudisha karatasi juu ya meza.

«Ni sahihi yangu,» alisema. «Na gadien hakupiga mtu. Aliyepigwa ni yeye.»

Waliahirisha kwa muda wa saa mbili, wakarudi nyuso zimekunjamana. Bukama wamebaki na mechi yao na wamebaki katika daraja. Evariste yuko huru. Mimi wameniondoa kwenye orodha ya beji, na wamenisimamisha msimu mzima, kosa langu ni «kutoa karatasi ya ligi nje ya ligi». Walinisomea hukumu wakingoja nilie. Nilicheka. Niliwaambia karatasi ile ilikuwa imekwenda kwa mjomba wangu kumsalimia. Usiku, nyumbani, nililia, na hiyo nakuambia wewe tu.

Beji niliitaka, mjomba. Niliitaka sana, nisikudanganye. Lakini jana nilichezesha watoto wa masomo, darasa la tano na la sita, niliwapa penalti iliyokuwa penalti, na hakuna aliyenifundisha kushirikiana.

Unangoja nikuambie kama nimekusamehe. Ile ya 2007 si yangu, siwezi kuisamehe kwa niaba ya mwenyewe. Ile karatasi nyeupe ndiyo yangu, nayo bado inaniuma, itachukua muda. Lakini ulipanda ngazi. Nimeiona picha hiyo mara nyingi siku hizi tatu, wewe juu na Mama Louise chini anakutukana, na nimeipenda.

Ulisema kopi yako ina kazi. Sasa nenda. Na usizunguke.

Mwipwa wako,
Noella


Uvira, Jumapili tarehe 14 Julai 2024

Kwa mwipwa wangu Noella,

Milele amina, hata kama safari hii hukusema Tumsifu. Maji yameanza kushuka. Jiwe la kusagia la Louise limeonekana, kumbe lilikuwa pale pale, halikuhama hata kidogo. Ameanza kunisemesha, ila ni kwa kunituma tu. Niliwasomea yeye na mama yako barua yako yote, isipokuwa pale ulipolia. Mama yako aliuliza mara tatu huyo Merdi ni mtoto wa nani, anataka kumwombea.

Leo nilienda.

Asubuhi nilifungua koli, nikatoa kopi ya 2007. Imegeuka rangi lakini inasomeka. Chini yake kulikuwa na viatu vyangu vya filimbi, vile vya meno, ngozi imekauka. Nilivivaa. Louise aliniuliza nakwenda kuchezesha nani siku ya Bwana na miaka yangu sitini na sita. Nikamwambia mechi moja haijaisha.

Nilipita njia ya mkato. Mwanangu, ile njia ni fupi kweli, hata dakika kumi haifiki. Vile viatu vilikuwa vinalia juu ya mawe, ka-ka-ka, watu wanatoka kwenye milango kuangalia, vijana wa moto, wale wa pikipiki, wanacheka. Nikawaacha wacheke.

Basile alikuwa mbele ya atelie, ameketi na watu wanne au watano wa mtaa wanangoja misa ya pili. Amenenepa, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Aliponiona alisimama, hakusalimia. Nikavaa miwani, nikasimama vile arbitri anasimama, nikasoma raporo kutoka juu mpaka chini. Dakika ya themanini na nane, goli safi, mguu wa kushoto. Kapiteni Basile alikuwa anatenganisha watu. Kapiteni Basile hakumpiga mtu yeyote. Nilipomaliza nikawaambia wale watu kwamba hii ndiyo ya kweli, na ile iliyomfungia niliiandika minye, kwa mkono wangu, baada ya kula samaki ya Déogratias.

Basile aliangalia chini, viatu vyangu. Halafu akasema, «Soma tena.»

Nikasoma tena.

Alinyoosha mkono, akachukua karatasi. Nikamwonyesha pale chini, mahali pa sahihi ya kapiteni wa Etincelle, pako wazi tangu siku ile. Nikamwambia simwombi anisamehe, hiyo ni mali yake, atoe au abaki nayo. Nimekuja tu kwa sababu raporo haijaisha. Aliingia ndani. Alikaa sana. Nilisikia anatupa vyuma, kitu kizito kilianguka, na mmoja wa wale watu akaniambia polepole niende nyumbani. Sikwenda.

Alitoka na kalamu ya kuandikia hesabu za milango. Aliweka karatasi juu ya bati, akatia sahihi yake polepole, herufi zote, na pembeni akaandika tarehe ya leo. Hakunirudishia. Ameipigilia juu ya mlango wa atelie, pale kila mteja ataisoma, na jina langu liko juu yake kwa wino. Nimemwambia ni sawa. Nitapita pale kila Jumapili, nami nitaisoma.

Mkono hakunipa. Nilipogeuka kuondoka, ndipo aliniita. Aliniita kwa jina lile la zamani, mbele ya wote.

«Arbitri,» alisema. «Sasa unaweza kuvua viatu.»

Nimevivua hapa mlangoni, ndipo nikakuandikia.

Mjomba wako,
Anastase